Nani Huzaa Moto

Tulilivuta tope kutoka tumboni mwa ziwa
kwa bomba la plastiki, juu ya chelezo
cha mbao tatu na mipira miwili ya trekta.
Baba, Fermín Chuvé, ndiye aliyeshika kamba.
Hakuuliza tunatafuta nini.
Alinusa ncha ya bomba, akasema, "Hapa paliungua,"
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Sasa limelala kwenye jokofu la maabara, Santa Cruz,
limefungwa nailoni, limeandikwa tarehe:
mita tano, miaka elfu ishirini na kitu,
ubavuni mwa chakula changu cha mchana.
Nalikata vipande vyembamba kama sabuni ya hotelini.
Nachuja. Nahesabu.
Chembe nyeusi, mkaa.
Chembe za manjano, chavua.
Jicho moja kwenye hadubini, jingine nimelifumba,
kidole gumba juu ya kihesabio: ta, ta, ta.

Chini kabisa nilitarajia weusi.
Ilikuwa enzi ya ubaridi mkavu,
mvua ilikuwa mgeni wa kupita njia.
Nilidhani: nchi kavu, basi nchi ya moto.
Nikahesabu hadi shingo ikakakamaa.
Chembe tatu. Chembe mbili. Hakuna.
Moto ulifika ukakuta meza tupu:
mchanga, miiba, vichaka vilivyojikunyata.
Radi ilipiga, ikapiga tena,
haikupata hata cha kuwashia.

Husemwa moto huzaa majivu.
Haya, na moto wenyewe, nani huuzaa?

Nikapanda juu, sentimita kwa sentimita.
Mvua zikarudi, si za kutosha msitu,
za kutosha nyasi.
Chavua zake, duara, tundu moja kama ushanga,
zikajaa kioo kama harusi isiyo na kadi.
Na nyuma yake, hatua moja tu, mkaa.
Ndipo nilipomjua mama.
Mvua hunyonyesha miezi minane,
kisha humwachia kiangazi mtoto,
na kiangazi ni mlezi asiye na subira.

Zikaja mvua za kweli, miaka elfu kwa elfu.
Miti ikashikana mabega,
kivuli kikafunga mlango,
jani likaoza kabla halijawahi kukauka.
Mkaa ukapungua hadi nikasinzia kitini.
Katikati ya usingizi huo: punje ya chavua ya mahindi,
kubwa, nzito, haiendi mbali na mkono ulioipanda,
na kando yake mkaa kidogo, kila mara kidogo,
kama wa mtu apikaye kwa adabu.
Simjui jina. Namwona tu
pembezoni mwa shamba, tawi bichi mkononi,
akilamba kidole kupima upepo,
kama Baba kila Agosti.

Sentimita mbili za juu hazikutaka hadubini.
Hizo nazijua kwa pua.
Barabara ilipasua msitu,
ng'ombe wakaja na malisho yao,
nyasi ndefu ambazo mbegu zake zilivuka bahari kutoka Afrika,
kisha mvua ikakosa miadi.
Msitu uliolelewa kivulini haukujua kuungua,
haukuwa na gome la kazi hiyo.
Mama alitoka na godoro na picha yangu ya kipaimara.
Polisi wakaja kumuuliza Baba
kiberiti chake kilikuwa wapi.

Jana nilimpigia simu, nikamsimulia yote.
Akanyamaza, kisha:
"Na ule wa chini, wa chembe tatu, aliuwasha nani?"
"Radi, Baba."
"Radi haiitwi kituoni," akasema,
akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kile cha tangu mwaka ule.
Alipopata pumzi akaniuliza kama mjini kumenyesha.
"Wiki nzima," nikamwambia, nikifurahi.
Nikasikia kiti chake kikilia akiinuka kutazama nje.
"Hata huku," akasema.
"Nyasi zimenifika kifuani."